Sahihi ya Nyongeza

Siku ya mshahara ile, foleni ya kiwanda cha kufulia ilikuwa na vicheko ambavyo haikuwa navyo kwa miaka. Wiki nzima taarifa ya habari ilikuwa imeimba wimbo mmoja: kima cha chini cha mshahara kimepanda, kutoka laki moja na nusu hadi laki mbili kwa mwezi, na mwajiri atakayekaidi atakiona cha mtema kuni. Wanawake wa chumba cha pasi walikuwa wameshaitumia nyongeza hiyo mara tatu kwa midomo yao. Bi Kicheko, mkunja mashuka, alisema yeye ananunua godoro nene, ili angalau na yeye ajue mashuka yanatandikwa wapi.

“Na wewe, Pasi, unanunua nini?”

Aliyeulizwa alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na mbili. Jina hilo la Pasi alilipata palepale kiwandani, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemwona bila pasi mkononi, na lilikuwa limemfuata mpaka nyumbani; hata mwenye nyumba wake alimwita hivyo.

“Viatu vya mtoto,” alisema. “Vya shule. Vile alivyonavyo vinacheka kuliko wewe.”

Foleni ikasogea. Karani wa mishahara alimpa bahasha yake ya kaki, na Pasi, ambaye hakuwa na desturi ya kuhesabu mbele ya watu, siku hiyo alihesabu. Laki moja na nusu. Kisha karani akamsogezea karatasi yenye orodha ya majina, na mbele ya jina lake palikuwa pameandikwa laki mbili.

“Karani, hapa pamekosewa.”

“Hapajakosewa. Weka sahihi.”

“Bahasha inasema hivi, karatasi inasema vile.”

“Mimi ni karani tu, dada yangu. Bahasha sikuijaza mimi.”

Minong'ono ikapita kwenye foleni kama moto kwenye nyasi kavu, na meneja akatoka ofisini kabla hajaitwa, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango akisubiri zamu yake. Hakuwa mtu wa kufoka. Aliwaita mama zangu.

“Sikilizeni, mama zangu. Hoteli mbili zimevunja mkataba na sisi. Mafuta ya boila yamepanda, sabuni imepanda. Nikilipa laki mbili, watu kumi na wawili waende nyumbani leo. Sitaki kuchagua mimi. Anayetaka kuwa wa kwanza anyooshe mkono.”

Pasi alijikuta akiutazama mkono wake mwenyewe, kana kwamba ungeweza kunyanyuka wenyewe.

“Haya,” meneja akasema kwa upole. “Basi tusaidiane. Ninyi mkisaini, serikali inafurahi na kazi inabaki. Mambo yakikaa sawa, tutaongea.”

“Kwa hiyo mimi godoro nimeshalinunua kwenye karatasi?” aliuliza Bi Kicheko, na watu wakacheka, hata karani, na kicheko hicho ndicho kilichoimaliza kesi. Wakasaini. Pasi alikuwa na mwandiko mzuri. Hakuchora mkwaju kama wengine. Aliandika jina lake lote, herufi baada ya herufi, juu ya mstari.

*

Mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlangoni, na alipomwona akasimama, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

“Hongera, Pasi! Nasikia serikali imewakumbuka.”

“Bado haijatufikia, kaka.”

“Ah, usinifanyie hivyo. Nimesikia kwa masikio yangu. Laki mbili! Basi na sisi wenye nyumba tusisahauliwe. Kuanzia mwezi huu vyumba viwili ni sabini na tano.”

“Sabini na tano elfu? Kutoka sitini?”

“Wewe umeongezwa hamsini, mimi nakuomba kumi na tano. Nani kamwonea mwenzake hapo?”

Angesema nini? Kwamba hakuongezwa? Jina lake lilikuwa limelala kwenye karatasi ya serikali na wino haujakauka vizuri. Akamhesabia sitini, akamwahidi zilizobaki, akaingia ndani na uso umemshuka.

Ndani baba yake alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, miguu imefunikwa. Wafanyakazi wa zamani walimwita Mzee Boila, kwa sababu alichochea boila la kiwanda kilekile kwa miaka thelathini na moja. Mvuke wote uliopita kwenye pasi za mtaa ule wa viwanda ulianzia mikononi mwake. Sasa figo zake zilikuwa zimekataa kazi. Mara mbili kwa wiki bintiye alimpeleka hospitali, mzee akalazwa kando ya mashine kwa saa nne, damu ikatoka, ikasafishwa, ikarudi. Hawakulipa. Walikuwa na kadi ya msamaha, ambayo hupewa watu wasio na uwezo, na ambayo huangaliwa upya kila mwaka.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mmeongezwa mshahara, na bado unaingia na uso kama umefiwa?”

“Kodi imepanda.”

“Kodi hupanda. Tangu lini kodi ikashuka?” Mzee alijiweka sawa, na Pasi akajua kinachokuja. “Mimi mshahara wangu wa kwanza ulikuwa mia mbili na arobaini. Si elfu, mia! Nikalipa kodi arobaini. Nikanunua gunia la unga, sukari, mafuta. Ninyi watano mkavaa viatu, na mama yenu hajawahi kumfanyia mtu kazi hata siku moja. Ninyi mna malaki, na hamna kitu. Pesa mnaishika kama maji.”

“Babu, wakati huo si hata simu zilikuwa bado hazijazaliwa?” alidakia mjukuu wake kutoka kwenye jiko la mkaa mlangoni. Alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, na aliitwa Redio, kwa sababu alianza kusema alipofumbua macho na hakuzimika mpaka alipolala. “Ungekuwa unanunua vocha, tungeona hayo magunia.”

“Cheka tu. Mimi nilijua kubana.”

Pasi alivua kanga ya mabega, akaikunja kwa kingo nne sawasawa, kama shuka la hoteli. Angeweza kumweleza. Lakini mzee hakuwa na kingine cha kujivunia isipokuwa ile mia mbili na arobaini, na kumnyang'anya mgonjwa kitu kama hicho aliona ni ukatili. Akaenda kupima unga.

*

Mkaguzi wa kazi alikuja wiki ya tatu. Alikuwa kijana mwenye miwani na begi la mgongoni, na alionekana kuipenda kazi yake, jambo lililowatia watu wasiwasi zaidi. Alikataa kukaa ofisini na meneja. Alikataa soda. Akapita chumba cha pasi, akachagua watu watatu, akawaita mmojammoja nyuma ya mistari ya mashuka yaliyotundikwa, mahali ambapo kelele za mashine zilikuwa nyingi na macho machache.

Wa tatu alikuwa Pasi.

“Usiogope, mama. Jina lako halitatajwa. Unapokea kiasi gani kwa mwezi?”

Mashuka yalikuwa meupe pande zote, na kwa chini, kati ya shuka na sakafu, Pasi aliona viatu vya meneja. Vilikuwa vimesimama. Havikwenda wala havikurudi.

“Laki mbili,” alisema.

“Mkononi? Unapewa laki mbili kamili mkononi?”

“Ndiyo.”

Kijana alimtazama kwa muda, na katika kutazama kule palikuwa na mlango wazi. Pasi aliuona. Alifikiria kusema neno moja tu, halafu akafikiria watu kumi na wawili, na Bi Kicheko mwenye wajukuu watatu, na kitanda cha baba yake.

“Nyongeza umeifanyia nini?” mkaguzi aliuliza, kana kwamba anapiga soga.

“Nimenunua viatu.”

Macho ya mkaguzi yakashuka taratibu mpaka miguuni kwa Pasi. Alikuwa amevaa ndala, moja ya bluu na moja ya kijani, na ile ya kijani kamba yake ilishonwa kwa uzi wa gunia.

“Vya mtoto,” Pasi aliongeza haraka.

“Sawa, mama.” Mkaguzi akaandika. Akampa karatasi asome, na palikuwa pameandikwa kwa ufasaha kwamba yeye, mpiga pasi wa miaka kumi na tisa, anathibitisha kwa hiari yake kuwa analipwa kwa mujibu wa sheria. “Weka sahihi hapa.”

Akaweka. Jioni ile meneja alipita karibu na meza yake na kumgusa bega. “Nimeona utu wako,” alisema. Pasi alikwenda chooni akanawa bega juu ya gauni, na maji yakamlowanisha mpaka kiunoni.

*

Mwaka wa kadi ya msamaha uliisha mwezi uliofuata. Pasi na baba yake walikaa kwenye benchi la ofisi ya ustawi wa hospitali tangu saa moja asubuhi, na walipoitwa dirishani palikuwa na watu ishirini nyuma yao. Afisa ustawi alikuwa mama wa makamo, si mkali, ila amechoka. Aligongagonga kwenye kompyuta yake.

“Mtunzaji wa mgonjwa ni wewe? Unafanya kazi kiwanda cha kufulia?”

“Ndiyo, mama.”

“Hapa naona unalipwa laki mbili. Msamaha unaishia kwenye mshahara wa laki na themanini. Mmevuka.”

“Sizipati hizo, mama. Napata laki na nusu, kama mwaka jana.”

“Mwajiri wako amepeleka orodha serikalini. Imesainiwa.” Akageuza kioo cha kompyuta. “Hii sahihi ya nani?”

Jina lilikuwa pale, herufi baada ya herufi, juu ya mstari. Lilisomeka vizuri kuliko yote.

“Yangu.”

“Kuna na maelezo ya mkaguzi. Nayo sahihi yako?”

“Yangu. Lakini mama, tuliambiwa…”

“Basi niambie wewe. Umeidanganya serikali, au unanidanganya mimi?”

Hakusema kwa kelele, lakini dirisha lile lilikuwa na tundu la duara na sauti ilitoka nalo ikaenea. Mtu mmoja nyuma akasema, “Laki mbili na anataka vya bure! Sisi tusio na kazi tuseme nini?” Mwingine akaguna kumuunga mkono.

“Mwanangu,” alisema Mzee Boila, ambaye alikuwa amesimama kwa kushikilia ukuta. “Uliweka sahihi kwa pesa ambayo hukuipokea?”

“Baba, tutaongea nyumbani.”

“Uliweka?”

“Niliweka.”

Afisa ustawi alitazama foleni, akatazama saa. Akainama kidogo karibu na lile tundu. “Leta barua ya mwajiri inayosema unalipwa pungufu, nitaipeleka kwenye kamati. Bila hiyo mikono yangu imefungwa. Leo mlipie.”

Kulipia mara moja kulikuwa elfu sitini. Ndani ya sidiria ya Pasi zilikuwemo sabini na tano, kodi ya mwezi, zimekunjwa mara nne. Alizitoa akiwa ameupa ukuta uso wake, na mhasibu wa dirisha la pili akazipokea kwa ncha za vidole, kwa sababu zilikuwa na joto na unyevu.

*

Kesho yake aliomba kumwona meneja.

“Barua?” meneja alisema baada ya kumsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amemsikiliza kweli. Hata kalamu aliiweka chini. “Pasi, unataka niandike kwa mkono wangu kwamba navunja sheria?”

“Niandikie tu ukweli, bosi. Nitampa yule mama peke yake. Mzee umemjua tangu uko mdogo, ukija hapa na baba yako. Alikuwa anakubeba mabegani kukuonyesha moto.”

“Namkumbuka. Na ninamheshimu.” Meneja aliichukua tena kalamu. “Kuna barua moja tu ninayoweza kukuandikia. Kwamba hufanyi kazi hapa tena.”

Pasi alidhani anatishiwa. Lakini uso wa meneja haukuwa na tishio. Ulikuwa uso wa mtu anayetafuta njia kwenye ramani.

“Fikiria. Nikikupunguza kazini, kwenye kompyuta yao huna mshahara. Mzee anarudishiwa msamaha.”

“Na tutakula nini?”

“Una binti. Mkubwa?”

“Yupo kidato cha tatu.”

“Aje yeye. Kama kibarua, kwa siku, elfu nne. Sitamwandika popote. Kwenye karatasi nyumba yenu haina hata senti, mzee anatibiwa, na ninyi mnakula. Siwezi kukufanyia hivyo kwa kukurudisha wewe, jina lako linajulikana. Lakini yeye hana jina.”

“Mtoto wangu anasoma.”

“Sijakulazimisha. Nakuonyesha njia tu.”

Pasi aliinuka. Alitaka kusema neno kali, neno ambalo angeondoka nalo kifua mbele, lakini meza ya pasi ilikuwa inamsubiri na nusu saa ile ingekatwa. “Ahsante, bosi,” alisema, na aliposikia mdomo wake ukisema hivyo alitamani ardhi ipasuke immeze.

Njiani kurudi alimweleza Bi Kicheko yote, mpaka mlangoni kwake. Bi Kicheko hakucheka. Alisema tu, “Huyo mtu ana akili ya kishetani, na ubaya wake anayosema yanawezekana.”

*

Siku iliyofuata ya mashine iliwapita nyumbani. Kufikia Jumapili miguu ya Mzee Boila ilikuwa imejaa kama mito, na kidole ukikibonyeza hapo kiliacha shimo. Alikuwa amemwita Pasi akae kando ya kitanda mchana ule, jua likiingia mlangoni mpaka katikati ya sakafu.

“Niambie kodi ni kiasi gani. Usinitajie maelfu, hayo sielewi. Ni kazi ya siku ngapi?”

Pasi alihesabu kwa vidole. “Kumi na tatu.”

“Mimi nilikuwa nafanya nne, nimemaliza kodi. Siku nne na nusu, tuseme. Unga?”

“Unga wa mwezi, siku tano. Kama hatukuongeza mlo.”

“Mkaa?”

“Tatu. Maji moja. Ada na daftari za mtoto, mbili, mwezi ambao hawajaagiza kitu. Nauli ya kwenda na wewe hospitali, mbili.”

Mzee alikuwa anajumlisha, midomo ikicheza. “Ishirini na sita. Na mwezi una siku ishirini na sita za kazi. Sabuni je? Chumvi? Mafuta ya kula?”

“Huwa nafua nguo za watu Jumapili, baba. Hukujua?”

“Nilijua unafua. Nilidhani ni zako.” Akavuta shuka juu ya magoti. “Na ile mashine. Mara moja.”

“Siku kumi na kidogo.”

“Kwa wiki?”

“Kwa mara moja, baba.”

Mzee aligeuza viganja vyake akavitazama, viganja vipana vyenye makovu ya moto wa miaka thelathini na moja. “Na mimi nikikaa hapa nakwambia hujui kushika pesa,” alisema. “Kila siku ya Mungu. Mbona hukunijibu?”

“Ningekujibu nini?”

“Hata tusi lingetosha.” Alijaribu kucheka, kifua kikamzuia. “Haya, sikiliza, mama. Mimi nimekula chumvi nyingi. Mwezi hauna hizo siku. Niache nipumzike, msinihangaishe tena na mashine.”

“Usiseme hivyo.”

“Nasema hesabu.”

Redio alikuwa mlangoni, ameinamia sufuria. Kwa dakika nyingi hakuwa amesema lolote, na ndipo Pasi alipogundua kwamba alisikia yote, na siku ile nyingine pia, alipokuja kumpokea mlangoni kwa Bi Kicheko, alisikia.

“Mama,” alisema bila kuinua macho, “kazi ya pasi inaanza saa ngapi?”

“Nyamaza.”

“Nauliza tu.”

“Nimesema nyamaza!”

Lakini Jumatatu alfajiri mzee hakuweza kupumua akiwa amelala. Walimkalisha, wakamwekea mito mgongoni, na bado alivuta hewa kama mtu anayepanda mlima, macho yametoka, akimtazama binti yake bila kumwomba kitu. Kusema kwamba apumzike lilikuwa jambo moja. Mwili wake haukukubaliana naye. Ulikuwa unaipigania ile hewa kwa nguvu zote za mchochea boila. Pasi aliutazama ukipigana mpaka kulipokucha. Kisha akavaa, akamkabidhi kwa Redio, akaenda kuisubiri saa ya meneja kufika.

Barua ilikuwa fupi. Ilimshukuru kwa miaka kumi na tisa ya utumishi mwema.

“Na kiinua mgongo changu?” Pasi aliuliza.

“Tutaongea,” alisema meneja. “Binti aje kesho. Apite mlango wa nyuma.”

*

Kesho yake afisa ustawi aliisoma barua mara mbili, akamtazama Pasi juu ya miwani, na kitu kama huruma kikapita usoni mwake kikaondoka.

“Pole. Wamekupunguza.”

“Ndiyo, mama.”

“Kuna mtu mwingine yeyote nyumbani mwenye kipato?”

“Hakuna.”

“Mume?”

“Fundi vigae. Alifuata kazi mji mwingine, miaka sita sasa. Hatupati kitu.”

“Watoto?”

“Mmoja. Mwanafunzi.”

Wakati akisema hivyo ilikuwa saa tano, na Pasi alijua kabisa kinachofanyika saa tano chumba cha pasi: mashuka ya wodi yanatoka kwenye mashine yakiwa bado yanatoa mvuke, na msimamizi anapiga makofi ili watu waongeze mwendo. Afisa alijaza kiboksi kimoja, akajaza kingine, akavuta muhuri, akaugonga.

“Haya, mama. Sasa mmestahili.”

Mzee Boila alilazwa kwenye mashine siku ileile. Jioni aliweza kusema sentensi nzima bila kupumzika, na akauliza imekuwaje. Pasi alimwambia kamati imelegeza masharti. Kuhusu kazi alimwambia amepewa likizo. Kuhusu Redio alimwambia shule wameongeza masomo ya jioni. Aliyasema yote mfululizo, akimkanda miguu, na mzee aliitika kila moja, “Aha. Vizuri,” kama anayesikiliza taarifa ya habari ya nchi nyingine.

Viatu vya shule vya Redio vilibaki chini ya kitanda, maana kiwandani walisimama na ndala, sakafu ni maji. Sare Pasi aliifua, akaipiga pasi vizuri kuliko sare yoyote aliyowahi kuipiga, akampelekea mama mmoja wa mtaa wa pili mwenye mtoto wa kimo kile. Alipewa fedha ya mkaa wa siku sita. Msichana mwenyewe alikuwa amepungua maneno. Bi Kicheko alimweleza Pasi kwamba kiwandani anafanya kazi bila kuinua kichwa, na wasichana wenzake wanadhani ni bubu.

Ijumaa ya wiki ya pili, jua lilikuwa bado liko juu ya paa la nyumba ya jirani, Redio alirudi akanawa, akamletea babu yake kikombe cha uji. Alikishika kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia ameuficha ndani ya kanga. Lakini kikombe kilikuwa kimejaa, uji wa moto, na mzee mikono yake ilitetemeka, ikambidi autoe na wa pili amsaidie.

Mzee Boila hakukipokea kikombe. Alikuwa anatazama kifundo cha mkono. Juu yake, upande wa nje, palikuwa na malengelenge marefu, membamba, mekundu kwenye kingo, yaliyolala kama mstari uliopigwa kwa rula. Moto wa jiko haukuchomi hivyo. Sufuria haikuchomi hivyo. Pasi, aliyekuwa akichambua mboga kwenye beseni, aliona macho ya baba yake yalipokuwa, na kisu kikasimama.

Nje mtu alikuwa anapigilia misumari.

“Ni ya ngapi?” mzee aliuliza.

“Nini, babu?”

“Pasi. Wamekuweka ya ngapi?”

Redio alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa ameinamia beseni.

“Ya nne,” alisema msichana.

Mzee aliitika kwa kichwa, polepole, mara nyingi. “Valvu yake inavuja upande wa kulia. Niliwaandikia waibadilishe mwaka ambao mama yako alikuwa anaanza kutembea.” Akakichukua kikombe, akakiweka chini bila kukinywa. Kisha akauinua mkono wake, ule wenye bandeji pale zinapoingia sindano, akaukunja kiwiko na kufumba kiganja, kana kwamba ameshika mpini. “Usisimame mbele yake. Simama kushoto. Kiwiko juu, mkono uje hivi, mvuke upite chini.”

Redio alikaa kando ya kitanda, akaunyoosha mkono wake sambamba na wa babu yake.

“Hivi?”

“Juu kidogo.”

Akaupandisha.

“Hapo,” alisema mzee. “Zoea hapo.”